Walinijazia AC gesi mara mbili, kumbe feni ya ndani haizunguki

Mafundi wale wa AC siwaiti wezi, kwa sababu sijui walikuwa na nini moyoni. Ila hela yangu imekwenda, na mama yangu amelala kwenye joto la Dar karibu wiki tatu, kipindi kile ambacho hata usiku wa manane ukuta una moto. Kwa hilo siwezi kunyamaza.

AC ya chumbani kwake ilianza hivi: rimoti inaitika, taa inawaka, mashine ya nje inanguruma, lakini ukiweka mkono chini ya ile ya ndani hakuna upepo. Baada ya muda maji yanachuruzika ukutani. Nikapiga simu kwenye kampuni yenye ofisi na risiti, nikiamini huko ndiko kwenye usalama.

Akaja fundi na msaidizi wake. Akafungua kifuniko, akaona barafu, akachomeka geji, kile kipimo cha presha ya gesi, kwenye mashine ya nje, akasema, "Gesi imeisha." Nikamwuliza, kaka, mbona feni yenyewe haizunguki? Akajibu bila hata kunitazama: "Mama, wewe andaa hela ya gesi, mambo ya ufundi tuachie wenyewe." Ndani ya nyumba yangu, mbele ya mama yangu mzazi! Nikikumbuka neno lile kifua kinanibana mpaka leo.

Nikalipa 120,000. Wakaosha na kuosha, wakaondoka. Wiki haikuisha, barafu ileile. Wakarudi, wakasema inavuja, wakajaza tena, nikalipa tena, na hakuna aliyepaka hata povu la sabuni kwenye maungio kutafuta panapovuja. Jamani, gesi ya AC si kama ya jikoni kwamba inatumika ikaisha. Inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyozibwa. Ikipungua, kuna tundu.

Aliyeniokoa ni kijana wa mtaani. Shikamoo kwanza, kisha akaniuliza tatizo lilianzaje, akanisikiliza mpaka mwisho. Akazima umeme kwenye swichi kubwa, akasubiri barafu yote iyeyuke, akazungusha lile pipa la feni kwa kidole. Likazunguka laini, maana yake halijakwama. Alipowasha, mota ikawa inavuma tu. Akazima tena, akatoa kapasita, kidude kinachoisaidia mota ya feni kuanza kuzunguka, kwenye bodi ya umeme na kuipima: imeandikwa maikrofaradi 1.5, inasoma hata nusu haifiki. Kidude cha kuenea kiganjani!

Akanieleza kwamba upepo usipopita kwenye koili, yale mabomba ya ndani yenye mapezi yanayopoza hewa, unyevu unaganda palepale, na presha kwenye geji inashuka hata kama gesi imejaa. Ndiyo maana wenzake waliona geji iko chini wakakimbilia mtungi. Kapasita mpya ilipoingia na feni ikazunguka, geji ikaonyesha gesi imepitiliza, ikabidi ipunguzwe.

Upepo ukaja. Baada ya dakika kama kumi mashine ya nje ikazima, chumba bado cha moto. Nilitaka kulia. Kijana akafungua tena, akakuta waya wa sensa, ule unaopima joto la chumba, umesukumwa katikati ya mapezi ya koili. Ukigusa baridi ya koili, bodi inadhani chumba kimeshapoa, inaizima kompresa, ile pampu ya mashine ya nje. Akaurudisha kwenye kibanio chake, mbele ya koili bila kuigusa. Kwisha. Alichukua 35,000, kapasita ikiwa humo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kwa kuosha tu, waiteni wale wa kampuni, maana kweli koili ilitakata na walipanguza mpaka sakafu. Sasa naona hapana. Sensa ile ilihamishwa na mikono ileile iliyoosha, hakuna mwingine aliyefungua kabla ya huyu kijana. Hata kuosha msiwaite.

Dada wa ofisini kwao ana adabu, kila nikipiga anasema watanirudia. Sijarudiwa. Risiti zote mbili ninazo. Hela ya kwanza tuseme wamekula jasho la kuosha, lakini ya gesi ya pili naitaka, na yule kaka aje mwenyewe aniombe radhi mama akiwa amekaa palepale alipokuwa amekaa siku ile.