Bunduki ya misumari ya betri kwenye nyumba zetu za tofali, uzoefu wangu

Wakuu heshima kwenu. Naona watu wengi wanaulizia hizi bunduki za misumari za betri, zile ndogo za kupigia achitrevu (mbao za urembo zinazozunguka fremu ya mlango), skatingi (ubao unaokaa chini ya ukuta kando ya sakafu) na urembo wa mbao ndani ya nyumba, na majibu mengi wanayopewa ni kaangalie video za Wamarekani, sasa mimi ninayo na naitumia kwenye nyumba yangu huku Kigamboni ambayo naimalizia chumba kimoja kimoja, acha niseme ninachokijua maana ni mashine naipenda mno ila kuna jambo moja mtu lazima alijue kabla hajatoa hela yake.

Jambo lenyewe ni ukuta. Nyumba ya Mmarekani ndani ni fremu ya mbao iliyofunikwa jipsamu bodi, nguzo za mbao zimesimama kila inchi 16, yaani kama sentimita 40, kwa hiyo akiweka skatingi anatafuta nguzo ilipo, anapiga, anasogea, anapiga tena, chumba kimeisha. Sisi ukuta wetu ni tofali la sementi na plasta juu yake. Msumari wa hii mashine ni mwembamba, milimita 1 na kidogo, ukiupiga ukutani kwetu ama unajikunja kama tambi ama unachimba plasta na haushiki kitu, na skatingi itakaa siku chache halafu inaanza kuachia pembeni. Kwa hiyo anayenunua akidhani atazunguka sebule nzima anapigilia skatingi moja kwa moja kwenye ukuta wa tofali asinunue kwa sababu hiyo, hela yake itamuuma. Hii ni mashine ya mbao kwa mbao. Ukilijua hilo utaifurahia sana.

Na mbao kwa mbao kwenye nyumba zetu ipo nyingi kuliko mtu anavyofikiri. Achitrevu kwenye fremu za milango, urembo wa kabati za jikoni, migongo ya kabati, shelfu, dari za mbao zile za kuchomekeana ulimi, kingo za ngazi, fremu za vioo. Huko kote inafanya kazi safi.

Achitrevu ndipo inapolipa hela yake. Kwa nyundo, hasa mbao ikiwa ngumu, unatoboa kwanza kwa drili, unaweka msumari, unagonga, na kila ukigonga ile kona ya nyuzi 45 uliyoikata vizuri inasogea, ukija kumaliza unakuta kona imefunguka kiasi cha kupitisha ukucha na pembeni ya msumari kuna alama ya nyundo ambayo hata vanishi haiifichi. Kwa bunduki unapaka gundi nyeupe kwenye kona, unazikutanisha vipande viwili kwa mkono mmoja mpaka ukipitisha kidole juu ya maungio husikii ngazi, unaweka pua ya mashine, unagandamiza, mota inavuma kidogo, unavuta triga, tak, imeisha. Mbao haijapata hata muda wa kusogea. Kinachobaki ni kijitundu kifupi chembamba, nakijaza kwa unga wa mbao ile ile niliyoikata nimeuchanganya na gundi kidogo sana, kikikauka napitisha msasa laini, na kwenye mninga baada ya vanishi lazima mtu aelekezwe ndiyo akione. Kama unapaka rangi ni rahisi zaidi, puti ya kawaida inatosha.

Ila angalia, achitrevu ina kingo mbili. Ukingo wa ndani unakaa juu ya fremu, huo ndio wa kupiga misumari. Ukingo wa nje unakaa juu ya plasta, huo ni gundi, ile nzito inayokaa kwenye mkebe wa silikoni, unaivuta mstari mmoja nyuma ya mbao kabla hujaibandika. Misumari inaishikilia achitrevu mahali pake wakati gundi inakauka, na kazi ikishakauka gundi ndiyo inabeba ule upande wa nje. Mafundi wengi nimewaona wanalazimisha misumari ya inchi 2 pande zote mbili, upande wa ukutani plasta inapasuka halafu wanaanza kuziba kwa jipsamu, kazi mbili.

Kwa skatingi mimi nilienda hivi: vyumba ambavyo vilikuwa bado havijapigwa plasta fundi alifunga kwanza papi ndogo za mbao chini ya ukuta kwa skrubu na plagi za plastiki, papi zimepakwa dawa ya mchwa, halafu plasta ikaja ikalingana nazo, baadaye skatingi inapigwa kwa bunduki kwenye zile papi, inashika vizuri kabisa. Kwa vyumba vilivyokwisha kupigwa plasta ni gundi na skrubu chache tu, bunduki natumia pale skatingi inapokutana kwenye kona, naunganisha kipande na kipande. Kwa hiyo kama nyumba yako iko kwenye tofali sasa hivi ongea na fundi wako mapema, papi ni hela ndogo sana wakati huo.

Sasa kuhusu aina maana hapa watu wanachanganyikiwa. Misumari hii inapimwa kwa geji na namba ikipanda msumari unakuwa mwembamba. Geji 15 na 16 ni minene kidogo, inashika zaidi, tundu lake ni kubwa. Geji 18 ndiyo ya kati, ndiyo niliyonayo mimi. Geji 23 ni kama sindano, haina kichwa, ni ya urembo mdogo mdogo na inategemea gundi. Kwa mtu mwenye nyumba anayetaka moja tu mi namshauri geji 18, achitrevu inapiga, kabati inapiga, dari nyembamba inapiga, na sababu kubwa zaidi ni misumari yenyewe. Kariakoo misumari ya geji 18 ipo tele kwa sababu ndiyo wanayotumia mafundi wa samani wenye kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, inauzwa kwa herufi F, F30 maana yake urefu milimita 30, F50 ni milimita 50. T50 ni nene, ya geji 16, haiingii kwenye mashine ya 18, na zile za ST ni za zege, usiziguse kabisa kwa mashine hizi. Nenda na msumari mmoja mkononi ulinganishe.

Mbao nayo ina neno lake. Msonobari, ule unaotoka Sao Hill kule Mufindi, inazamisha bila kuuliza, tena lazima upunguze kina kwa kile kigurudumu karibu na pua maana inaweza ikapitiliza ikatoboa urembo mwembamba. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kiwandani, safi. Mtiki safi. Mninga uliokauka vizuri inaingia ila unapandisha kina. Mkongo ndiyo kiboko, ni mbao nzito na ngumu, msumari wa milimita 50 mara nyingi unabaki umesimama kichwa nje au unapinda ndani unatokea ubavuni. Kwenye mkongo natumia msumari mfupi zaidi na gundi, na sehemu inayotaka nguvu kweli natoboa kwa drili na kurudi kwenye nyundo, sina ubishi nayo. Na hiyo ya kutokea ubavuni ichukulie kwa uzito, msumari mwembamba ukikutana na fundo au uzi wa mbao uliopinda unafuata uzi, kwa hiyo mkono unaoshikilia mbao ukae mbali kuliko urefu wa msumari ulioweka. Ukiweka wa milimita 50 vidole visiwe sentimita 5 kutoka puani, viwe mbali zaidi. Miwani ya kazi pia vaa.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la kutu. Misumari isiyo na zinki inashika kutu haraka na hewa hii ya chumvi, na mbao kama mvule ikikutana na chuma na unyevu inatoa doa jeusi kuzunguka tundu ambalo halitoki kwa msasa wa juu juu. Ulizia iliyopakwa zinki hata kama bei inaongezeka kidogo, hasa kwa dirisha, bafuni na milango ya nje.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nisichukue kompresa kama mafundi samani wa Keko, bunduki ya kompresa ni bei chee na inapiga kwa nguvu zaidi. Ni kweli kabisa, na kama kazi yako ni karakana, unakaa sehemu moja unapiga makochi na vitanda kutwa, chukua kompresa wala usifikirie mara mbili, bunduki yake ni nyepesi na pua yake ni nyembamba. Lakini nyumbani unapanda ngazi, unaingia chooni, unatoka koridoni, na lile bomba linakufuata linakwaruza rangi mpya, kompresa inanguruma mtoto kalala chumba cha pili, na umeme ukikatika umekaa chini. Hii ya betri nafanya kazi jioni nikitoka kibaruani, jirani hasikii zaidi ya tak moja moja, na umeme ukikatika naendelea. Betri ndogo ya ampea-saa 2 inanitosha chumba kizima na zaidi.

Zipo pia za gesi, kampuni ya Paslode ndio walianza nazo miaka ya 80, zina nguvu na ni nyepesi ila zinataka makopo ya gesi na makopo hayo hayaruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo ukiletewa mashine na ndugu kutoka nje utabaki na mashine bila gesi. Kwa huku kwetu chukua ya betri peke yake.

Nisichokipenda ni uzito. Pamoja na betri inakaribia kilo 3, kwenye achitrevu huhisi ila kwenye dari baada ya muda bega linaongea. Pua yake pia ni nene, kwenye urembo mwembamba inakuziba usione msumari utatua wapi, inabidi mkono uzoee. Na inakwama, hasa ukichanganya misumari ya makampuni tofauti, gundi inayoshikanisha mstari wa misumari ikiwa hafifu inavunjika ndani. Yangu ina klipu ya kufungua pua bila spana, nazibua kwa koleo ndogo, ni kazi ya dakika moja, ila kila siku TOA BETRI KWANZA ndiyo uguse pua. Wanaofunga ile ncha ya usalama kwa waya ili ipige bila kugandamizwa naomba waache, hicho ni chombo kinachozamisha chuma kwenye mti, na nyumbani kuna watoto.

Yangu ni ya volti 18, ilinigharimu laki saba na ushee pamoja na betri na chaja, shemeji yangu aliileta kutoka Dubai. Kama una drili ya betri tayari nunua bunduki ya kampuni hiyo hiyo bila betri, bei inashuka sana. Na kabla hujamtuma mtu soma maandishi nyuma ya chaja. Za Marekani nyingi zimeandikwa volti 120 peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua hapo hapo, za Dubai na Uingereza ni za 220 mpaka 240 na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Betri usiiache kwenye gari lililofungwa juani, joto la Dar linaiua mapema, yangu nikimaliza kazi naitoa kwenye mashine, na kama sina kazi ya karibuni naiweka kabatini ikiwa na chaji kama nusu hivi.