Muhula mzima na duka la hosteli lisilo na muuzaji

Nilianza kulichunguza hili duka kwa jicho la mtu wa kompyuta siku nilipolipia mandazi mawili mara mbili. Kabla ya hapo nilikuwa mteja mwenye njaa tu.

Lenyewe ni kachumba chini ya ngazi za hosteli yetu, kando ya Barabara ya Thika, palipokuwa pakiwekwa mafagio. Rafu tatu, friji ya mlango wa kioo, kamera juu, na tableti iliyopigiliwa ukutani. Hakuna anayeuza. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Auntie, huja saa kumi na moja jioni na ndoo ya mandazi, anajaza rafu, anapanguza vumbi, anaenda zake. Pesa taslimu hazipokelewi. Hata kijisanduku cha kutumbukizia sarafu hakuna. Mandazi shilingi 10, njugu 20, yai la kuchemsha 25, mkate na maziwa bei ile ile ya kioski cha nje. Hapo nampongeza, maana geti likishafungwa saa nne usiku angeweza kutuuzia mkate kwa bei ya keki na tungenunua.

Kulipa ni hivi: unagusa picha ya ulichochukua, unaandika nambari yako ya simu, kisha simu inaleta kisanduku cha M-Pesa chenye jina la duka na kiasi. Unaweka PIN, umemaliza. Huandiki nambari ya till, ile ya duka ya kupokelea malipo, kwa hiyo huwezi kumtumia kinyozi pesa za mandazi, jambo ambalo mimi nimewahi kufanya. Na kwa kuwa kisanduku hicho kinatoka kwenye laini yenyewe, hata mwenye mulika mwizi, kile kisimu cha vitufe, asiye na bando ananunua kama sisi. Mteja hakatwi chochote, na malipo ya till yasiyozidi shilingi 200 hayamkati Auntie pia, la sivyo andazi la shilingi 10 lisingeuzika hivi. Mwenzangu wa chumbani hununua njugu kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Sina la kusema.

Sasa ile siku. Saa tano usiku, kesho yake mtihani. Nikaweka PIN, tableti ikazungusha kile kiduara chake, halafu ikaandika: “Malipo hayakufaulu. Jaribu tena.” Nikatii. Baada ya dakika mbili zikaingia meseji mbili kwa mpigo, kila moja na nambari yake ya muamala, shilingi 20 na 20. Si pesa za kulilia, lakini usiku huo nilikuwa na 60.

Nimewahi kuunganisha Daraja, ule mlango wa Safaricom, wenye M-Pesa, wa watengeneza programu, kwa mradi wa darasani, kwa hiyo najua kosa liko wapi. Ukituma ombi la malipo, kinachorudi papo hapo ni taarifa kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, na yakichelewa kuna njia ya kuuliza yamefikia wapi. Tableti hii haiulizi. Inahesabu sekunde 30 (nimezipima mara kadhaa), ikiona kimya inatangaza msiba. Ilipaswa kuandika “Tunasubiri M-Pesa, usilipe tena” na kukataa ombi la pili la bidhaa zile zile kutoka nambari ile ile hadi la kwanza lijulikane. Tena M-Pesa hurudisha sababu kwa nambari: mteja akighairi mwenyewe ni 1032, simu yake isipopatikana ni 1037. Skrini yetu ina sentensi moja kwa yote. Kwa hiyo hata asiye na salio anaambiwa ajaribu tena, na anajaribu, mara tatu, foleni nzima ikimtazama.

Foleni hiyo inasoma pia nambari yake ya simu, iliyoandikwa kwa herufi za bango la mchungaji. Rafiki yangu mmoja alianza kupata “mambo” za watu asiowajua. Wenye mfumo wafiche tarakimu za katikati, ni kazi ya dakika tano.

Kinacholiokoa duka hili ni daftari. Auntie mwenyewe alilitundika msumarini, na biro kwa uzi: mtandao ukigoma au stima zikipotea, andika chumba chako, ulichochukua, na nambari ya muamala ikishafika. Usiku ule niliandika malalamiko yangu humo. Kesho yake jioni Auntie akavaa miwani, akalinganisha na meseji zake, akafungua kibeti na kunihesabia sarafu mbili za kumi. Sarafu, katika duka lisilopokea sarafu. Wale waliotengeneza mfumo, ambao nambari yao imebandikwa juu ya tableti, walinijibu siku ya tisa: “Asante kwa maoni yako.”

Mandazi nyota tano, na moto hayahitaji. Tableti mbili na nusu. Daftari sasa limefika ukurasa wa kumi na nne, na jana nikisubiri maziwa yangu nililipekua lote. Kila mstari umekatwa kwa kalamu nyekundu kuonyesha umelipwa, isipokuwa mmoja wa Februari: 2B, yai moja, “nalipa kesho.”