Tahadhari: nyumba ya likizo ya Pärnu yenye paka dirishani

Ndugu zangu wa Helsinki, Espoo na Vantaa hapa Finland, na yeyote anayepanga kuvuka kwenda Estonia na watoto msimu huu, ninaandika haya nikiwa bado na hasira na, kusema kweli, na aibu, kwa sababu safari hii aliyetapeliwa, kwa tangazo la mtandaoni la nyumba ya kupangisha, ni mimi mhasibu, mimi ambaye kila mara huwahubiria wenzangu wasimtumie fedha mtu wasiyemjua.

Jumamosi mchana tulishuka kwenye basi Pärnu, mji wa ufukweni wa Estonia, baada ya saa mbili za meli hadi Tallinn na saa mbili nyingine za barabara: mimi, baba watoto, watoto watatu na Mama, ambaye goti lake mnajua linavyomsumbua. Tuliburuta masanduku hadi kijia kilicho karibu na Supeluse, ile barabara yenye miti inayoshuka ufukweni, tukaikuta nyumba kama ilivyo pichani, ya mbao, ya manjano, yenye baraza la vioo. Nilifurahi hata nikampiga Mama picha getini. Kisha nikaanza kutafuta kisanduku cha funguo, ambacho niliambiwa kipo kushoto kwa mlango, huku nikizirudiarudia moyoni tarakimu nne za kukifungulia. Kushoto hakikuwepo, kulia hakikuwepo, nikainama kupapasa chini ya ngazi kama mwizi, mpaka mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mwanamke mwenye aproni akaniuliza kwa upole ninatafuta nini. Nikamwonyesha simu. Aliitazama kwa muda, akashusha pumzi, akasema kwamba sisi ni familia ya tatu. Nyumba ni yake. Zamani aliwahi kupangisha vyumba vya chini, akaacha, na picha ziliibwa kutoka katika tangazo lake la wakati huo. Akiwa bado anaeleza, paka wa kijivu alipenya katikati ya miguu yake akatoka nje, na mwanangu wa mwisho akapiga kelele za furaha kwamba huyo ndiye paka wa kwenye picha. Mama, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku, akauliza kwa nini hatuingii.

Msidhani bei ilikuwa ya kutupa. Kwa wiki inayoishia Jaanipäev, sikukuu yao ya tarehe 24 Juni, tapeli aliyejifanya mwenye nyumba alitaka yuro 780, akanipunguzia 60 kwa kuwa nililipa zote kwa mkupuo, na nyumba nyingine nilizozitazama karibu na ufukwe hazikupishana sana na hiyo. Kilichoniponza ni goti la Mama. Nilipomtajia, alinijibu kwa ujumbe mrefu kuhusu matope ya tiba ya Pärnu, mji ambao umekuwa na bafu za tiba tangu 1838, akaniuliza kama ngazi tatu za mlangoni zitamsumbua mzazi, na akaahidi kuweka kiti bafuni. Mtu anayemjali mama yangu kiasi hicho ningeanzaje kumshuku? Alinitumia hata pasipoti yake, ambayo sasa naamini ni ya mtu aliyemtapeli kabla yangu, na mimi nikamtumia zetu, jambo linaloninyima usingizi kuliko hizo fedha.

Linaloniuma zaidi ni hili. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinatakiwa kulinganisha jina la mpokeaji na akaunti kabla ya fedha kutoka, na simu yangu ilinionya waziwazi kwamba jina halilingani. Yeye alikuwa amekwisha kuniambia kwamba hilo litatokea, eti akaunti ni ya kampuni inayomfanyia usafi. Nikabonyeza kuendelea. Malipo ya papo kwa papo hufika ndani ya sekunde kumi, na nilipoipigia benki Jumatatu niliambiwa hakuna cha kurudisha.

Usiku ule tulilala watu sita chumba kimoja, jua likiwa halijazama hata saa nne, watoto wakiuliza maswali. Natamani mtu huyu akamatwe, avushwe hiyo bahari akiwa na pingu, aketishwe mbele ya Mama amweleze kwa kinywa chake habari za matope. Kifungo peke yake hakimtoshi. Polisi wa hapa nimewapa kila kitu, na wengine mliolizwa naye nawasihi mkaripoti ili mashtaka yawe mengi.

Dalili zilikuwepo. Namba ya akaunti ilianza na LT, yaani Lithuania, wakati za Estonia huanza na EE. Alinitoa kwenye mtandao wa kupangisha kwa kisingizio cha ada, nami nikaona ninaokoa. Kila nilipoomba tuonane kwa video alisema intaneti yake mbovu, katika nchi ambayo watu wake hupiga kura kwa intaneti tangu 2005! Daftari lao la ardhi, kinnistusraamat, ambamo ningeona nyumba ni ya nani, liko wazi kwa umma, na sikulifungua.

Leo asubuhi tangazo limerudi kwa ajili ya Julai. Jina sasa ni la kike, bei imeshuka hadi 690, na paka yuko palepale dirishani.