Tahadhari kwa wenye Toyota IST: gari likipiga starta lisiwake, usikimbilie kuuziwa kontroli boksi

Naandika tahadhari hii kwa wenye magari madogo ya Toyota hapa Dar es Salaam, hususan IST zenye injini ya 1NZ, kwa kuwa mchezo niliochezewa unafanyika kwa utulivu mkubwa kiasi kwamba anayechezewa huondoka akishukuru. Mimi nilishukuru, tena nikamwongezea fundi hela ya soda.

Jumamosi jioni gari lilioshwa injini pamoja na bodi. Jumapili asubuhi starta ilizungusha injini kwa nguvu ile ile ya siku zote, lakini injini haikuwaka. Fundi wa gereji bubu iliyo jirani na nyumbani alikuja, akainama upande wa puli ya krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa ndani ya injini, kwa dakika chache, akagusagusa nyaya, kisha akatamka bila kusita kuwa kontroli boksi, yaani kompyuta inayoiongoza injini, imeingia maji na imekufa. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu kontroli boksi ya gari langu haikai kwenye injini kabisa. Iko ndani, nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, mahali ambapo maji ya kuoshea injini hayafiki. Nilimwona kwa macho yangu akiing'oa humo ndani, na bado sikuuliza.

Alisema anayo ya mtumba katika duka la spea la rafiki yake kwa shilingi 420,000, na kwamba nikimkabidhi ile ya zamani atanipunguzia 50,000. Aliondoka nayo peke yake, eti kwenda kulinganisha namba, akarejea baada ya saa mbili na boksi safi isiyo na vumbi. Kabla ya kuifunga alirudi tena kwenye injini, kule kule chini alikoinama mwanzo, nami nilidhani anakagua. Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza. Risiti niliyopewa ilikuwa karatasi ya daftari yenye sahihi, si risiti halali ya mashine ya EFD.

Baada ya siku kumi na saba gari lilizimika kwenye foleni na halikuwaka tena. Safari hii nilimwita fundi mwingine mwenye mashine ya kupimia, akaichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na mashine ikasoma hitilafu P0335, yaani mawasiliano ya sensa ya krenki yana kasoro. Akaniomba nipige starta huku yeye akitazama kioo cha mashine: injini ilikuwa inazunguka wazi wazi, lakini mashine ilionyesha mzunguko ni sifuri. Kontroli boksi isipopata taarifa kwamba krenki inazunguka, haiamuru plagi zichome wala nozeli zimwage mafuta, na hapo starta inaweza kuzungusha hadi betri ikaisha. Alipofuata waya wa sensa hiyo akakuta soketi yake imevunjika kijino cha kufungia na imezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, mpya kabisa, ambayo mimi sikuwahi kuiweka. Soketi nyingine pamoja na ufundi vilinigharimu 35,000.

Kilichonitia uchungu zaidi ni boksi yenyewe. Siku ile ilipong'olewa nilikuwa nimeipiga picha kwa simu, kwa nia tu ya kukumbuka mpangilio wa soketi zake. Tulipoifungua tena na kulinganisha, mkwaruzo ulikuwa pale pale na pembe iliyomeguka ni ile ile. Niliuziwa kontroli boksi yangu mwenyewe, ikiwa imefutwa vumbi.

Kwa hiyo, mtu akikuambia boksi imekufa, kwanza washa swichi bila kupiga starta na utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka, boksi inapata umeme na ina uhai wa kutosha kuiwasha taa hiyo. Isipowaka, fyuzi na relei zinazoipelekea umeme zinapaswa kukaguliwa kabla ya boksi kulaumiwa. Mashine ya kupimia ikiweza kuzungumza nayo na kusoma hitilafu, madai ya kifo chake yanahitaji ushahidi mzito zaidi. Mwenzako akipiga starta, sikiliza pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma, na mtake fundi akuonyeshe kama plagi inatoa cheche. Vitu hivi vinapimika mbele yako kwa muda mfupi, na fundi anayevikwepa akaenda moja kwa moja kwenye kifaa cha bei kubwa kuliko vyote anakuuzia, hakutengenezei. Tena kwa magari yenye kinga ya wizi ndani ya ufunguo, boksi iliyotoka kwenye gari lingine kwa kawaida haiutambui ufunguo wako mpaka isajiliwe. Ikifungwa na gari likawaka papo hapo bila usajili wowote, iangalie vizuri hiyo boksi.

Kifaa chochote kikitolewa kwenye gari lako, kipige picha na ukitie alama yako kwa kalamu ya rangi, na cha zamani kibaki mikononi mwako hata ukiahidiwa punguzo. Lile punguzo la 50,000 ndilo lililonifanya niiachie boksi yangu kwa hiari.

Nimeandaa malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji, ingawa bila risiti halali najua nina kazi ya kujieleza. Nilikwenda pia katika duka lile la spea nililoonyeshwa. Muuzaji alinisikiliza kwa adabu, akasema hamfahamu fundi huyo na kwamba dukani kwake hawajawahi kuuza kontroli boksi. Wanauza matairi na rimu tu.