Hekalu la Belur, Karnataka: nenda na soksi

Mimi ni mtoto wa Tabaka, Kisii. Nimekulia kwenye vumbi la mawe ya sabuni, baba akichonga, mama na shangazi wakipiga msasa kwenye karai la maji. Sasa nasoma Mysuru, India, na niliposikia kuna hekalu lililochongwa kwa jiwe la namna hiyo, sikwenda kutalii. Nilikwenda kukagua kazi.

Unapanda basi hadi Hassan, kisha lingine kama kilomita 40 hadi Belur. Mji wenyewe hauna makuu: stendi, wauza maua na nazi, kahawa ya maziwa kwenye kikombe cha chuma kinachochoma vidole. Dosa ya pale stendi, ile chapati nyembamba ya mchele na dengu, nyota nne.

Hekalu la Chennakeshava lilianzishwa na mfalme Vishnuvardhana wa ukoo wa Hoysala mwaka 1117, na watu bado wanasali humo. UNESCO waliliorodhesha kwenye Urithi wa Dunia 2023. Kiingilio hakuna, ila viatu unaviacha nje, na saa sita mchana ule ua wa mawe ni kikaango. Ndiyo maana nasema soksi.

Chini ukutani kuna msururu wa tembo, mamia. Juu, chini ya ukingo wa paa, wako wanawake wa mawe, mmoja anajitazama kwenye kioo. Nilisimama hapo hadi shingo ikauma. Mapambo yao yamechimbwa kwa nyuma, yamesimama peke yake, kivuli kinapita. Kwetu ukijaribu hivyo jiwe linakatika na kazi ya siku nzima imekwenda.

Mwongozaji niliyemkodi, nyota mbili. Tulipatana rupia 500, akamaliza muda kwenye nguzo ya uani inayosimama kwa uzito wake tu, kisha akaanza kunivuta kwenye duka la rafiki yake. Nikamuuliza yale maandishi madogo chini ya sanamu. “Majina ya mafundi tu.”

Tu! Dasoja wa Balligavi na mwanawe Chavana waliweka majina yao pale, na miaka 900 baadaye yanasomeka. Baba amechonga viboko tangu sijazaliwa, na hakuna hata kimoja kilichouzwa na jina lake.

Nilimtumia picha. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: “Waulize walichonga jiwe likiwa bichi, limetoka tu machimboni? Na ile sehemu ya nyuma waliifikia na kisu gani?”

Mwongozaji alikuwa ameshapata wateja wengine.