Boti ya visiwani: viti vizuri, ila anayepakia ni simu ya bosi

Boti yenyewe haina shida niseme ukweli, viti vimeshonwa upya, turubai halivuji na nauli ni ile ile ya wenzao. Jina siliweki, wa Mwanza mnaopandia mwaloni mtajua wenyewe.

Shida upakiaji. Idadi ya abiria imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, na dogo wa tiketi anahesabu kwa sauti kabisa. Ilipotimia akafunga kamba, "imejaa jamani, subirini ya saa nane". Simu ikaita. "Ndiyo bosi... sawa bosi." Akafungua kamba, watu wakaanza kuingia tena na magunia ya dagaa juu yao, maboya bado yako kwenye nailoni lake. Nikamwambia dogo si umesema imejaa, akajibu huku anaangalia maji, "mzee mimi naambiwa tu".

Na hapa ni Mwanza, siyo Dodoma! MV Bukoba iliyozama 1996 kila ukoo una mtu wake, MV Nyerere nayo 2018 kule Ukara ilijaza kupita kiasi wakafa zaidi ya 220. Dogo anayajua hayo, wala hana roho mbaya.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, 1961 aliwaita watu wa kawaida tu pale New Haven, akawaambia wampige mtu shoti za umeme kila akikosea jibu. Shoti zilikuwa feki ila wao hawakujua, wanasikia mtu analia nyuma ya ukuta, wanatetemeka, jasho, ila msimamizi wa jaribio mwenye koti akisema endelea wanaendelea. Kwenye jaribio moja 26 kati ya 40 walifika mwisho, volti 450. Na hao hela yao walishahakikishiwa hata wakiacha, sasa huyu wetu anayelipwa kwa siku utamlaumu vipi? Mi namlaumu bosi, anayejaza boti akiwa amekaa nyumbani.

Ila Milgram aliona pia mkubwa akitoa amri kwa simu utii unashuka sana, wengine wanamdanganya kabisa kwamba wanapandisha umeme. Na wakiwepo wenzako wawili waliogoma, wanaofika mwisho ni 4 tu kati ya 40.

Kwetu aligoma mama mmoja mwenye ndoo ya sato. Alisimama akasema "nirudishieni nauli yangu, mi nina watoto", akashuka. Akafuata kijana wa begi, nikafuata mimi, tukawa kundi. Dogo alivyorudisha hela haraka utadhani alikuwa anasubiri mtu aanze! Simu ilipoita tena nikamsikia, "tumejaa bosi, wameshajaa wote", na kamba akafunga.

Nyota 2, moja ya viti na moja ya dogo. Ukienda panda ya saa nane, haina watu, na maboya omba mwenyewe, wanayo.