Uzoefu wangu na Lichess kwa mchezaji wa blitsi, kutoka Wete

Lichess ni tovuti na programu ya simu ya kucheza sataranji (chess) mtandaoni, na blitsi ni sataranji ya haraka, ya dakika chache kwa kila mtu. Nianze na bei maana ndio swali la kwanza la kila ninaemuonesha: ni bure. Na sio ile bure ya wiki moja halafu unaambiwa lipa, wala bure yenye matangazo ya kubeti yanayokurukia katikati ya mchezo, ni bure khasa, mafumbo hayana kikomo, uchambuzi wa kompyuta upo, mashindano yapo saa zote. Ilianzishwa 2010 na Mfaransa mmoja mtengeneza programu, Thibault Duplessis, na mpaka leo ni jumuiya isiyotafuta faida iliyosajiliwa Ufaransa, inaishi kwa michango ya wachezaji wenyewe, anaechangia anapata alama ya bawa pembeni ya jina lake na basi, hakuna kitu anachofunguliwa yeye ambacho wewe umefungiwa. Kabla ya hapo nilikuwa sehemu nyengine siitaji jina, kule mchezo wako mwenyewe ukitaka kuupitia sawasawa unaambiwa toa dola, nikaona mie nauza duka Wete dola naitoa wapi.

Sasa kusifiwa Lichess inasifiwa sana, mie nataka niizungumzie upande mmoja tu, inamsaidia vipi mtu wa michezo ya haraka. Kwa sababu vijana wengi huku kwetu wanaipakua, wanaingia buleti ya dakika moja, wanapiga mpaka kidole kinauma, halafu wanakuja maskani wanalalamika retingi, yaani namba ya kiwango chao, imeganda.

Kwanza haraka yenyewe ina madaraja. Wao wanachukua muda wa kuanzia wanajumlisha na sekunde za nyongeza unazopewa kila hatua, mara 40, wanapata makisio mchezo utakula sekunde ngapi kwa kila mtu. Chini ya 180 ni buleti, kuanzia 180 mpaka haijafika 480 ni blitsi, juu ya hapo rapidi halafu ile ndefu. Ndio maana 2+1, yaani dakika mbili na nyongeza ya sekunde moja, ipo kwenye buleti, 120 na 40 inakuja 160, na 3+2 ni blitsi, 180 na 80 ni 260. Dakika 10 kavu, bila nyongeza, kwao ni rapidi ingawa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kule kwenye meza za kweli dakika 10 bado wanaiita blitsi. Na kila daraja lina retingi yake mbali, kwa hiyo usishangae mtu rapidi anatisha ukamkuta buleti hoi.

Halafu hiyo retingi, wanatumia hesabu inayoitwa Glicko-2, kila mtu anaanza na 1500 yenye alama ya kuuliza mbele yake mpaka ucheze vya kutosha wakujue. Mtu akikwambia ana 1700 Lichess usiilinganishe na namba ya tovuti nyengine wala ya FIDE, vipimo sio vimoja, huku namba zinakaa juu juu kidogo. Sipendi kukuvunja moyo lakini ndivyo ilivyo.

Nije kwenye staili yangu, maana hapa ndipo programu ilipoonesha kazi yake. Mie ni mtu wa kushambulia, sina subira ya kujenga. (Herufi na namba kama e4 ni jina la chumba kwenye ubao ambapo kete inakwenda.) Nikishika nyeupe ni e4, mwenzangu e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, akitoa farasi wake f6 tu mie farasi wangu anaruka g5 anaitizama f7. Anasukuma askari d5, nakula, na kama na yeye atakula kwa farasi basi sherehe, farasi wangu anaingia f7, mfalme analazimika kula, malkia anatoka f3 na cheki, na mfalme wa watu ataanza safari katikati ya uwanja kama anataka kumuokoa farasi wake. Kwenye blitsi hii inaua watu wengi mno. Tatizo ni yule anaejua. Yeye hali, anapeleka farasi a5 kumgusa askofu, nampa cheki b5, anaziba na askari c6, nakula, anakula, na hapo nina askari mmoja wa ziada lakini kuanzia hapo ni kufukuzwa tu.

Lichess ina sehemu ya kutizamia mifunguo, yaani hatua za mwanzo za mchezo, na sio ya mabingwa peke yao, unaweza kutia jina la mchezaji yeyote, hata lako, ikakupa michezo yote kwa kila tawi, wapi unashinda wapi unapigwa. Magnus Carlsen mwenyewe, gwiji wa sataranji wa dunia, ameshacheza mule kwa jina la DrNykterstein, unamtia unaona anafungua vipi. Mie nilijitia mwenyewe. Tawi la mwenzangu kula d5 kwa farasi, kijani tupu. Tawi la farasi a5, yakhe, usiulize.

Lakini mpaka hapo nilikuwa nafikiri dawa ni kubadilisha mfunguo, kila anaepigwa blitsi ndio mawazo yake. Kilichonibadilisha ni kitu kidogo ambacho wengi hawakifungui. Ukishaomba uchambuzi wa kompyuta inakuja ile grafu ya nani yupo mbele, hiyo kila mtu anaijua, na pembeni yake kuna grafu nyengine ya muda, inaonesha kila hatua umekula sekunde ngapi, wewe juu mwenzako chini. Vijiti vifupi vifupi, halafu ghafla mnara.

Nikupe mchezo mmoja, ni 3+2, huo huo mfunguo, mpinzani sijui mtu wa wapi. Hatua saba za mwanzo nimezicheza kila moja kwa sekunde moja, vijiti havionekani. Hatua ya nane askofu wangu b5 kaguswa na askari, nimekaa sekunde 38 naamua arudi e2 au d3. Ya tisa farasi kafukuzwa na askari h6, sekunde 27. Ya kumi kafukuzwa tena na askari e4, sekunde 24. Jumla 89, karibu nusu ya zile dakika tatu za kuanzia, nimezimaliza kwenye hatua tatu. Na kituko ni kwamba kompyuta inasema zote tatu ni nzuri! Hakuna hata moja iliyotiwa alama. Alama nyekundu imetiwa hatua ya 31, nimeacha ngome inaliwa bure, saa yangu inasoma sekunde 9 na mikono inatetemeka.

Sasa ukisoma grafu ya kwanza peke yake utasema huyu haoni ngome yake, akafanye mafumbo. Ukisoma ya pili unaona ile ngome imeliwa tangu hatua ya nane. Niliporudi kufungua michezo mingi ya zamani niliyopigwa nikakuta mnara uko pale pale, hatua ya nane mpaka ya kumi na mbili, kila nikifukuzwa nakaa. Ndio staili yangu hiyo, mbio nikiwa nashambulia, mzito nikirudishwa nyuma, na hakuna mtu angeniambia kwa sababu maskani tunatizama ubao hatutizami saa.

Dawa haikuwa kuacha mfunguo. Nilifungua somo langu binafsi mule ndani (kuna sehemu ya kuandika mistari yako na kuihifadhi, bure vile vile), nikaweka majibu matatu manne ya hilo tawi la farasi a5, askofu e2, farasi f3, akisukuma e4 farasi e5, basi. Sikuyajua kwa undani wa mabingwa, nimeyajua kiasi cha kutokaa. Na nikajiwekea kawaida, nikiona nimefika sekunde kumi na tano kwenye hatua moja na hakuna kete inayoliwa, nacheza ya kwanza iliyo salama. Retingi ilianza kupanda kabla hata sijawa mjuzi zaidi, nilikuwa nafika mwisho wa mchezo na dakika mkononi tu.

Jengine la muda nimelitoa barazani sio kwenye simu. Ami yangu ni mtu wa bao, wa zamani, sataranji haijui wala haitaki, siku moja kanikalia pembeni natizama simu kaniuliza, "Mwanangu, mwenzio akicheza wewe wafanya nini?" Nikamwambia, "Nasubiri zamu yangu, ami." Akacheka, "Ndio maana wakuibia." Na kweli ukimtizama kwenye bao, mwenzake anasambaza kete yeye macho yako kwenye mashimo yake mwenyewe anahesabu, zamu ikimfikia mkono unatoka moja kwa moja. Kwenye blitsi dakika za mpinzani ni zako pia, saa yake inakwenda kichwa chako hakijakatazwa.

Kuhusu 3+0 na 3+2, mie nimehamia 3+2 na sirudi. Kwenye 3+0 mtu anaweza kuwa na mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu akaishiwa muda, na kwa sheria hiyo inakuwa sare, sio ushindi wa mwenye mfalme mtupu, kwa sababu hana kete ya kukuua, lakini sare ya namna hiyo unalala nayo mbaya. Na huyo mpinzani akiwa na askari mmoja tu amebaki mahala, umepigwa. Ukiwa na sekunde mbili kila hatua, ngome na mfalme unaimaliza kama unaijua njia, na njia inafundishwa mule mule sehemu ya mazoezi, chekimeti ya ngome, ya malkia, askari na mfalme, nani akae mbele ya nani. Fanya mpaka vidole vijue. Watu wa 3+0 wanasema nyongeza inaua raha, haya, kila mtu na raha yake.

Mafumbo nina maoni yangu. Yapo aina nyingi na yametolewa kwenye michezo ya watu iliyochezwa humo humo kwa hiyo yanafanana na uchafu tunaoucheza kweli. Ile Puzzle Storm ya dakika tatu, unatatua mengi uwezavyo, ukikosea unakatwa sekunde 10, ni tamu kama nini lakini kwangu mie ni ya kupasha mkono tu kabla ya kucheza. Kilichonijenga ni yale ya kawaida yasiyo na saa, unachagua mada, mie nimechagua kete zilizoachwa bila ulinzi na farasi kugusa wawili kwa pamoja, hayo mawili ndiyo yanayotokea blitsi kila siku. Mengine ya kutoa malkia kafara ni mazuri kumuonesha mtu.

Sasa tabu za huku. Mitambo yao ipo Ufaransa, na sisi mtandao wetu mnaujua, sitaji kampuni, jioni watu wote wapo mtandaoni unaona namba ya ucheleweshaji inapanda (ipo, utaiona ukifungua menyu). Lichess wanakufidia sehemu ya ule ucheleweshaji, sio wote. Piga hesabu, kila hatua ukipoteza sehemu ya tatu ya sekunde, hatua 60 ni sekunde 20. Kwenye 3+2 hiyo haikuumizi sana, kwenye buleti ya dakika moja ni theluthi ya maisha yako imekwenda baharini. Kwa hiyo mtu wa Pemba anaenipigia kelele za retingi ya buleti huwa namuuliza kwanza mtandao wake. Umeme ukikatika nao ni balaa jengine, ukitoka hewani mpinzani anaweza kudai ushindi na ni haki yake. Bando lakini haili, hilo naisifu, usiku mzima wa blitsi haufiki video chache za kuchekesha. Na kwenye boti mtandao ukipotea unacheza na kompyuta au unafanya mafumbo yaliyokwisha kushuka kwenye simu.

Kisichonifurahisha ni viwili. Kompyuta inakwambia hatua bora ni ipi, haikwambii kwa nini, mwanzo utatizama mshale wa buluu unaoonesha hiyo hatua kama unatizama ramani ya mji usioujua, kwa hiyo tafuta mtu wa kukaa nae, hata mmoja. Pili kitufe cha kurudia mchezo kipo karibu mno na kidole, ukipigwa na hasira imepanda unakibonyeza bila kufikiri na unapigwa tena. Mie nikipigwa mara mbili mfululizo nafunga, naenda kunywa kahawa.

Mashindano ya arena, ya kucheza mchezo baada ya mchezo mpaka muda uishe, pia yapo, ushindi pointi mbili, ukishinda mfululizo zinazidi, na kuna kitufe cha kukata muda wako nusu ili upate pointi moja zaidi ukishinda, na nyongeza inaondoka. Kwa 3+2 maana yake unabaki na dakika moja na nusu kavu. Vijana wanakipenda sana. Mie kama mpinzani nimemzidi mbali nakibonyeza, kama tuko sawa sikigusi.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni kwa ajili ya mshale wa buluu. Kama yupo wa Unguja au Pemba anataka mpinzani, napatikana baada ya isha, 3+2, yenye retingi, na tukimaliza tunafungua grafu ya saa pamoja. Buleti msiniite.